Kukaa Kimya Siku Kumi: Kuna Faida Gani?



Mwaka 2014 jarida la Science la Marekani lilichapisha matokeo ya majaribio ya Profesa Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake. Jambo walilolichunguza lilionekana dogo. Mtu akiwekwa chumbani peke yake, bila kitabu, bila simu, bila redio, akaambiwa akae na mawazo yake tu kwa dakika chache, je, atafurahi? Wengi walisema hawakufurahi hata kidogo. Ndipo wataalamu wakaongeza kitu kingine. Waliweka humo kitufe ambacho mtu akikibonyeza anapigwa na umeme. Si umeme wa kuua, lakini unauma, na washiriki walikuwa wameshauonja kabla wakasema wako tayari kutoa fedha ili wasiuonje tena. Wakaachwa chumbani dakika 15. Kati ya wanaume 18, wanaume 12 walijipiga umeme walau mara moja. Kati ya wanawake 24, waliofanya hivyo walikuwa sita. Bwana mmoja alijipiga mara 190, hata wataalamu wakaona afadhali wamweke kando katika hesabu zao.

Nimeanza na umeme huo kwa sababu mazungumzo yangu ya leo yanawahusu watu wanaokwenda kinyume kabisa na yule bwana. Hawa huomba likizo, wakaaga nyumbani, wakaenda kukaa kimya na mawazo yao, si kwa dakika 15, bali kwa siku tatu, siku kumi, wengine mwezi mzima. Msikilizaji mmoja ameniandikia kuuliza kama jambo hilo lina faida yoyote kwa mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto, au ni anasa ya walioshiba. Anasema ana sababu ya kuuliza. Amekuwa mtu wa hasira, na siku hizi wanawe wananyamaza anapoingia ndani. Barua ya namna hiyo haijibiwi kwa mzaha.

Kwanza niseme kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Waislamu wanaijua itikafu. Mtu hutia nia, akaingia msikitini, hasa katika kumi la mwisho la Ramadhani, asitoke ila kwa haja, akashinda na kukesha katika sala, Kurani na dhikri. Wakatoliki nao wana mafungo. Yapo ya siku moja, yapo ya siku nane, na yapo yale ya siku 30 yanayofuata mwongozo wa Mtakatifu Ignasi wa Loyola, yule askari wa Kihispania aliyejeruhiwa mguu vitani mwaka 1521, na ambaye kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilipata idhini ya Papa mwaka 1548. Mimi nalipenda sana neno hilo, mafungo. Limetoka katika kufunga, na kwa kweli mtu hufunga mengi: hufunga mlango, hufunga mdomo, na mara nyingi hufunga na tumbo.

Mafungo nitakayoyaeleza kwa kirefu leo ni ya namna nyingine. Nimeyachagua kwa sababu yanapokea watu wa dini zote na wasio na dini, na kwa sababu nimeyahudhuria mwenyewe, kwa hiyo ninayosema si ya kusimuliwa. Yanaitwa Vipassana, neno la Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Kibudha, nalo maana yake ni kuona mambo jinsi yalivyo. Yamekuja kwetu kutoka Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, na aliyeyaeneza hakuwa mtawa bali mfanyabiashara.

Mfanyabiashara huyo ni S. N. Goenka, aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924 katika ukoo wa Kihindi uliohamia huko. Akiwa bado kijana alikuwa tajiri, na alikuwa na kipandauso cha kutisha. Madaktari walimpa mofini, hadi wakaanza kuogopa kwamba dawa itamshika kuliko maradhi. Mwaka 1955 rafiki akampeleka kwa U Ba Khin. Huyu naye hakuwa mtawa. Alikuwa Mhasibu Mkuu wa kwanza wa Serikali ya Burma huru, mtu wa mafaili na mizania, ambaye aliwafundisha makarani wa ofisi yake kutafakari, kisha mwaka 1952 akafungua kituo mjini Yangon. Sasa msikilizaji sikia ajabu. Goenka alipoeleza kwamba amekuja kutibiwa kichwa, yule mhasibu alimkatalia. Alimwambia kwamba akija kwa ajili ya kichwa anaishusha thamani kazi yenyewe. Aje kuisafisha akili, na kichwa kikipona, kitapona kama nyongeza tu. Goenka akaenda, na kichwa kikapona. Mwaka 1969 akahamia India akaanza kufundisha, mwaka 1976 kituo kikubwa cha Igatpuri katika jimbo la Maharashtra kikafunguliwa, na alipofariki mwaka 2013 vituo vilikuwa zaidi ya mia moja duniani.

Nalirudia jibu la yule mhasibu kwa sababu ndilo jibu langu pia kwa wanaouliza kama mafungo yanatibu presha, au kisukari, au ugumba. Anayekwenda na orodha ya maradhi atashinda siku kumi akijipima kama amepona.

Ratiba yenyewe ni hii. Kengele inalia saa 10 alfajiri. Saa 10 na nusu mmeshaketi ukumbini au vyumbani, na kuanzia hapo hadi saa 3 usiku mnakaa mkitafakari kwa jumla ya saa zipatazo kumi, pamoja na hotuba ya jioni. Saa 3 na nusu taa zinazimwa. Chakula cha mchana kinaliwa saa 5 asubuhi, hakina nyama, na baada ya hapo mgeni hupata chai na matunda saa 11 jioni, basi. Wanaume wanakaa upande wao na wanawake upande wao. Simu, vitabu, kalamu na karatasi vinaachwa mlangoni. Hakuna kuzungumza, hakuna kuashiriana, wala kutazamana usoni, mpaka asubuhi ya siku ya kumi. Unaruhusiwa kumuuliza mwalimu swali kwa ufupi, na kuwaambia wahudumu ukiishiwa sabuni.

Kazi ya siku tatu na nusu za mwanzo ni moja tu: kuitazama pumzi inavyoingia na kutoka puani. Huivuti kwa nguvu, huihesabu, husemi neno lolote moyoni. Unaitazama tu. Akili ikitoroka, unairudisha bila kuigombeza.

Lo, na akili inatoroka! Siku ya kwanza nilidhani adui yangu atakuwa usingizi. Kumbe akili haikunipa hata nafasi ya kusinzia. Ilifungua kesi ya miaka mingi nyuma, ya redio ya kaseti niliyomwazima jirani ikarudi haina mlango. Nikaisikiliza kesi hiyo upya tangu mwanzo, nikamwita shahidi, nikatoa hukumu, nikakata rufaa mwenyewe. Nilipozinduka, nusu saa ilikuwa imepita na pumzi sijaiona. Nikairudia pumzi, na baada ya dakika mbili mahakama ikafunguliwa tena. Siku ya pili kesi zilikuwa nyingine lakini hakimu yule yule. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kelele nilizokuwa nikizilaumu kila siku, za magari, za baa ya jirani, za ofisini, zilikuwa ni sehemu ndogo tu ya kelele zangu.

Siku ya nne wanakufundisha jambo la pili. Unaipitisha akili mwilini taratibu, kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, ukitazama kila mahali pana nini: joto, baridi, mwasho, mapigo, ganzi, maumivu. Kisha linakuja sharti gumu. Mara tatu kwa siku mnakaa saa nzima bila kufumbua macho, bila kufungua mikono, bila kubadili miguu. Dakika ya 40 goti linawaka moto. Kila nyuzi ya mwili inakuamuru unyooshe mguu. Nawe huambiwi ujikaze kisabuni. Unaambiwa ulitazame lile goti. Unaona kwamba maumivu hayakukaa mahali pamoja. Yanapanda, yanahama, yanapungua, yanarudi. Na unaona jambo jingine lililo muhimu zaidi, kwamba maumivu ni kitu kimoja na ile pupa ya kuyakimbia ni kitu kingine, na kwamba kinachomtesa mtu sana ni hicho cha pili.

Sasa hapo ndipo namrudia yule ndugu mwenye hasira. Hasira haianzii mdomoni. Kabla neno halijatoka, masikio yameshapata joto, taya zimekaza, pumzi imekuwa fupi na moyo unakwenda mbio. Mwili umeshajiandaa kupigana wakati wewe bado unadhani unafikiri. Mtu aliyesimama saa mbili kwenye daladala, akafika nyumbani akakuta mtoto amemwaga maji, anajiona amekasirishwa na maji. Kumbe mwili wake uliwaka tangu kituoni, maji ni kiberiti tu. Aliyeshinda siku kumi akitazama goti lake likiwaka bila kulitii, amejifunza kuuona moto ungali mdogo. Anapata nafasi kama ya kuvuta pumzi mbili au tatu, kati ya kukasirika na kunyanyua mkono. Kwa maoni yangu faida kubwa ya mafungo ni nafasi hiyo. Utulivu mnaouona kwenye nyuso za watu siku ya kumi ni mzuri, lakini huo huyeyuka kwenye foleni ya kwanza.

Je, nafasi hiyo ndogo inaweza kumsaidia mtu aliyekwisha kudhuru? Mwaka 1993 swali hilo liliulizwa mahali pagumu kabisa, katika jela ya Tihar mjini Delhi. Jela hiyo ilikuwa imefurika maelfu ya watu kupita uwezo wake, wengi wao wakiwa mahabusu wanaosubiri kesi kwa miaka. Mkuu mpya wa magereza alikuwa Kiran Bedi, mwanamke wa kwanza kuwa ofisa katika Utumishi wa Polisi wa India. Inaelezwa kwamba wazo lilitoka kwa ofisa wa chini wa jela hiyo ambaye alikuwa amehudhuria mafungo na kuona hasira zake zimepungua. Bibi Bedi akalikubali. Novemba mwaka huo yakafanyika mafungo ya kwanza, na hapa naomba muangalie jinsi alivyokuwa mjanja: waliokaa chini na kufunga mdomo hawakuwa wafungwa peke yao, walikuwemo na askari magereza. Aprili 1994 wakakaa wafungwa zaidi ya 1,000 kwa pamoja, Goenka mwenyewe akiongoza, na mwaka huo huo kikafunguliwa kituo cha kudumu ndani ya kuta za jela.

Ipo filamu ya mwaka 1997 kuhusu jambo hilo, iliyotengenezwa na wanawake wawili wa Israeli. Mle ndani wanaonekana wanaume waliohukumiwa kwa makosa makubwa wakilia wazi mbele ya wakubwa wa jela. Sitasema kwamba Tihar iligeuka pepo. Ilibaki jela, tena iliyofurika. Lakini mimi nimeshika jambo moja. Mtu yule alikuwa amefungwa miaka bila kupata hata siku moja ya kukaa na alichokitenda. Kulikuwa na makelele, kulikuwa na ugomvi wa sahani, kulikuwa na kesi ya kupanga. Mafungo ndiyo yaliyomkutanisha nacho.

Wataalamu wa tiba wanasemaje? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye jumla ya watu 3,515 wakayapima kwa pamoja. Waliona kwamba programu za kutafakari hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Waliona pia kwamba hakuna ushahidi kuwa zinashinda dawa au mazoezi ya viungo. Ni vema tukumbuke kuwa nyingi ya programu hizo si mafungo ya siku kumi bali masomo ya wiki kadhaa, mfano wa yale yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts, ambayo huwa na siku moja tu ya ukimya. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba sayansi imethibitisha mafungo yanaponya kila kitu, anauza kitu.

Tena kuna hatari, na ni haki yenu kuijua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Jared Lindahl na Willoughby Britton, walichapisha uchunguzi wao baada ya kuwahoji watu 60 wanaofanya tafakuri. Waliyosimuliwa yalikuwa pamoja na hofu kuu, kukosa usingizi, na kwa wengine kuchanganyikiwa kwa muda mrefu. Si ajabu. Ukizima kelele zote, lililokuwa limefichwa chini ya kelele linajitokeza, na kwa mtu mwingine lililofichwa ni kubwa kuliko anavyoweza kulibeba peke yake gizani saa 10 alfajiri. Mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, au aliyefiwa juzi tu na bado hajasimama vizuri, asiende kabla ya kuzungumza na daktari. Mwenye dawa asiziache. Fomu za kujiandikisha huuliza habari hizo, na ni vizuri kujibu ukweli hata kama unaona aibu, kwa sababu mwalimu anayejua atakutazama kwa jicho la karibu.

Swali la dini huulizwa sana. Katika mafungo ya Vipassana hakuna kuabudu wala kubatizwa, lakini asili yake ni ya Kibudha na hilo halifichwi. Hotuba za jioni zinamtaja Buddha kila mara, na ndani ya siku hizo kumi unaombwa usimamishe ibada zako nyingine. Muislamu mwenye sala tano ataona mara moja kwamba hapo pana tatizo, na simlaumu. Hana sababu ya kusafiri mbali kutafuta ukimya wakati kumi la mwisho linamjia kila mwaka. Mkristo naye anaweza kuuliza parokiani. Hazifanani, hilo nalikubali: katika itikafu na mafungo ya kanisani mtu anazungumza na Mungu wake, katika Vipassana anatazama tu. Ila yule anayetoka nje ya mji, akaiacha simu, akafuata kengele na kufunga mdomo, atakutana na hakimu wake wa redio ya kaseti popote alipo.

Gharama ni jambo jepesi kuliko watu wanavyodhani. Vituo vya Vipassana havitozi ada, si ya mafunzo, si ya chakula, si ya kulala; anayeruhusiwa kuchangia ni yule tu aliyekwisha maliza siku kumi, na hutoa apendavyo. Wanaotoza mamia ya dola kwa wiki ya kutafakari kando ya bahari wanauza hoteli, na hoteli ni kitu kizuri, ila tusichanganye. Ghali ni zile siku zenyewe. Mwenye ajira ana likizo. Mama ntilie hana likizo, na mama mwenye watoto wadogo hana wa kumwachia. Nimeona katika kambi niliyohudhuria wanaume wenye familia wakiwa wengi na wanawake wenye familia wakihesabika kwa vidole, nikajua ni nani aliyebaki nyumbani ili wale wanaume wapate kutazama pumzi zao. Baba anayekwenda mwaka huu na ajiandae kubaki na watoto siku kumi mwakani. Huko nako ni mafungo, ila ukimya ndiyo haupo.

Kwa asiyeweza siku kumi, siku moja si haba. Jumamosi moja, mahali pasipo na simu, kukaa saa moja, kutembea polepole nusu saa, kukaa tena, kula bila kuzungumza. Lakini kwa sikio langu, siku moja inakuonyesha tu kwamba una kelele; kinachotokea siku ya tano na ya sita, uchovu wa hakimu anapoishiwa kesi, siku moja haikifikii. Na hata aliyekaa siku kumi asipoendelea kukaa walau kidogo kila asubuhi, baada ya miezi michache atakuwa anasimulia mafungo kama anavyosimulia safari ya zamani.

Anayekusudia kwenda na afanye mambo mawili. Awaachie wa nyumbani namba ya ofisi ya kambi, kwa sababu simu yake itakuwa imefungiwa kabatini na msiba hausubiri siku ya kumi. Na asipange kuingia kazini kesho yake asubuhi. Masikio yanakuwa mepesi sana, honi moja ya daladala inatosha kumrusha mtu. Apumzike siku moja, ale na watoto wake, na wakimuuliza alikuwa anafanya nini huko siku zote hizo, awaambie alikuwa anatazama pumzi ikiingia na kutoka. Watacheka sana, naye acheke nao.